Unataka kusomesha mtoto kwenye shule uliyosoma? Mwongozo kwa wanaoanza, kutoka Moshi

Kila ikikaribia Desemba, watu wakianza kukata tiketi za kurudi nyumbani Kilimanjaro, simu inaanza kuita na maswali ni yale yale. "Nataka kumlipia mtoto mmoja pale tuliposoma, naanzia wapi?" "Pesa nimpe nani?" "Kwani elimu si bure siku hizi?" "Tuko darasa zima kwenye grupu, tuchange tu?" Mimi ni mhazini wa umoja wa waliosoma sekondari moja hapa Moshi, na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Haya hapa yote kwa pamoja. Yanafaa kwa shule ya Moshi mjini, Hai au Rombo, na kwa Arusha pia, kuanzia jijini mpaka Monduli na Longido, ingawa huko umbali unabadilisha hesabu.

Msimamo wangu nautanguliza ili usome ukiujua: ni afadhali umfikishe mtoto mmoja mwisho wa safari kuliko kuwalipia kumi muhula mmoja kisha ukapotea. Mtoto aliyeahidiwa akaachwa katikati anaumia kuliko ambaye hakuahidiwa kitu, maana nyumbani walishaacha kutafuta njia nyingine.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Taarifa za shule kama ilivyo leo, siyo ya enzi zako. Ni ya serikali, ya binafsi au ya kanisa? Ya kutwa, bweni, au ina hosteli? Ina kidato cha tano na sita? Shule nyingi zimebadilika sana tangu muondoke.
- Wenzako wawili unaowaamini kwa pesa. Mmoja wao awe anaishi karibu na shule. Ufadhili unaoendeshwa na watu wa Dar es Salaam na ughaibuni peke yao, bila mtu wa kupanda daladala kwenda kuonana na mwalimu, haudumu.
- Pesa iliyopo. Ahadi hazihesabiwi.
- Miezi minne mpaka sita ya maandalizi. Kidato cha kwanza huanza Januari, cha tano huanza Julai. Ukianza kuhangaika wiki ambayo mtoto anatakiwa kuripoti, umechelewa.
- Kaunta buku moja ya hesabu. Ndiyo, hata kama una kompyuta.

Hatua ya 1: Jua ni nini hasa kinachomtoa mtoto shuleni

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kama umemaliza zamani, kichwani una ada. Shule za serikali zilikuwa zinatoza shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Januari 2016 ada hiyo ikafutwa kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ikafutwa kwa cha tano na cha sita. Ukifika shule ya serikali ukasema umekuja kulipa ada, watakukaribisha kiti, watakushukuru, kisha watakueleza kwa upole kwamba hakuna ada ya kulipa.

Ila mtoto bado anakwama. Omba shuleni nakala ya fomu ya maelekezo ya kujiunga, ile anayopewa mwanafunzi aliyechaguliwa, uisome mstari kwa mstari. Kwa shule ya bweni utakuta vitu vya aina hii: godoro la futi mbili na nusu, mashuka jozi mbili ya rangi waliyoitaja wao, chandarua, tranka na kufuli lake, ndoo mbili, sare jozi mbili, sweta, viatu vyeusi vya kamba, raba za michezo, kaunta buku za kila somo, mkebe wa hisabati, rimu ya karatasi, fyekeo au jembe, ufagio, skwiza, na fomu ya uchunguzi wa afya inayotakiwa kugongwa muhuri hospitali. Bado nauli. Mwanafunzi wa Rombo anaweza kupangiwa shule Tabora au Songea.

Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni akijumlisha karatasi hiyo, jioni hiyo hiyo mtoto anaanza kusema shule haitaki tena, ataenda kujifunza ufundi kwa mjomba. Kinachomtoa ni godoro na nauli, na kwenye daftari la mahudhurio ataandikwa mtoro.

Shule za kutwa zina mambo yake. Kuna mchango wa chakula cha mchana, ambao sehemu nyingi hutolewa kwa debe la mahindi na kilo za maharage au kwa fedha. Kuna nauli ya kila siku. Na kuna geto: mtoto anayetoka mbali anapangiwa chumba karibu na shule, anajipikia na kujilinda mwenyewe. Kwa wilaya kama Longido na Monduli, ambako nyumbani na shule vinaweza kuachana sana, nafasi ya hosteli inaweza kuwa ndiyo ufadhili wote unaohitajika, hasa kwa msichana.

Kwa shule ya binafsi au ya kanisa ada ipo, tena ndiyo kubwa. Huko unalipa ada, lakini fomu iombe vilevile, kwa sababu mtoto aliyelipiwa ada akakosa sweta na nauli naye hafiki.

Usiishie kwa mkuu wa shule. Muulize mwalimu wa malezi, muulize matroni au patroni, na ukiweza mtafute kijana mmoja aliyeacha. Majibu yao mara nyingi hayafanani, na la huyo kijana ndilo la kulisikiliza zaidi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mtoto mmoja mpaka mwisho

Usipange kwa mwaka, panga kwa safari nzima. Namba hizi ni za mfano tu, kukuonyesha namna ya kupanga. Bei za kwako zitafute mwenyewe sokoni, na magodoro usinunue duka la kwanza.

Tuseme mwanafunzi wa kidato cha tano, bweni, shule ya serikali:

- Vifaa vya kuanzia, mara moja: 250,000
- Nauli, sabuni, madaftari, michango na matumizi, mihula minne kwa 150,000: 600,000
- Akiba ya dharura, asilimia 10: 85,000
- Jumla: 935,000

Sasa geukia upande wa mapato. Kwenye grupu la WhatsApp watu ishirini wameandika "niko pamoja nanyi" na kuweka mikono ya kusali. Mhesabu anayelipa bila kukumbushwa. Tuseme ni kumi na wawili, kila mmoja 5,000 kwa mwezi: 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka, 1,440,000 kwa miaka miwili. Hapo mna uwezo wa mtoto mmoja, na inabaki 505,000. Haitoshi kwa wa pili. Acheni ikae.

Kanuni yangu, ambayo baadhi ya wajumbe hawaipendi: jina la mtoto lisitajwe mpaka gharama yake yote iwe imeingia kwenye akaunti. Wakikuambia una roho ngumu, wape hesabu waisome.

Mkiwa na mtaji mkubwa zaidi, kwa mfano darasa limefikisha miaka ishirini tangu limalize na kila mtu ametoa kwa nguvu, fikirieni kutokugusa mtaji. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zinauzwa kupitia Benki Kuu kuanzia shilingi 1,000,000, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Milioni 10 kwenye hatifungani yenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka inaleta 1,200,000 kwa mwaka, mafungu mawili ya 600,000, na mtaji unabaki palepale mpaka hati ikomae. Riba hutofautiana kati ya hati na hati. Kuna pia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS kwa wasiotaka kufungia pesa miaka mingi.

Hatua ya 3: Ingia shuleni kwa mlango wa mbele

Andika barua kwa mkuu wa shule. Wa sekondari anaitwa mkuu wa shule. Mwalimu mkuu ni wa msingi. Ni jambo dogo, lakini ukilikosea kwenye barua anajua mara moja kwamba hujakanyaga shuleni siku nyingi. Kwa shule ya serikali, nakala iende kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Nakala hiyo inakusaidia sana siku mkuu wa shule akihamishwa, na atahamishwa.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

"Mheshimiwa Mkuu wa Shule, sisi ni wahitimu wa shule yako wa mwaka fulani. Tunakusudia kugharamia mahitaji ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano kuanzia Julai hadi atakapohitimu. Tunaomba: moja, kukutana nawe na mwalimu wa malezi, mbili, utaratibu wa shule wa kupokea michango, tatu, bodi ya shule ijulishwe. Hatutatumia jina la shule kuchangisha fedha bila ridhaa yako."

Sentensi ya mwisho usiiache. Wakuu wa shule wamewahi kuona mabango ya kuchangisha yenye nembo ya shule yao na hawajui yametoka wapi.

Kuhusu muda: Desemba mko nyumbani wengi, tumieni wiki ya mwisho kwa kikao chenu wenyewe. Shule imefungwa wakati huo, na mwalimu naye yuko kwao anachinja mbuzi. Wiki mbili za kwanza baada ya kufungua Januari usiende, wanasajili kidato cha kwanza na hakuna atakayekusikiliza. Nenda mwishoni mwa Januari au Februari.

Tahadhari: usianze kwa mwalimu mmoja rafiki yako "atakayekusaidia kimyakimya". Hata kama ni mwaminifu kama malaika, siku wenzake wakijua, yeye ndiye atakayeulizwa pesa zilipita wapi.

Hatua ya 4: Amueni pesa itakaa wapi

Ukiwa peke yako na mtoto mmoja, huhitaji kusajili chochote. Lipa shule au duka moja kwa moja, tunza risiti, basi.

Mkiwa kikundi, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, watia saini watatu, na pesa isitoke bila wawili kusaini. Benki itawadai katiba, muhtasari wa kikao na utambulisho wa kikundi, hivyo anzieni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Mkikua mkataka kumiliki mali au kushika mtaji wa muda mrefu, kuna njia ya kusajili bodi ya wadhamini kupitia RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), au kuwa shirika lisilo la kiserikali kwa Msajili aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Usikimbilie huko mwaka wa kwanza. Usajili unakuja na taarifa za kila mwaka, na nimeona vikundi vinatumia pesa nyingi kwa karatasi kuliko kwa mtoto.

Namba ya simu ya mhazini siyo akaunti ya kikundi. Nasema hivi nikiwa mhazini. Simu inaibiwa, mtu anafariki, mtu anakopa "kidogo tu mpaka Ijumaa".

Hatua ya 5: Andikeni vigezo kabla hamjaona majina

Mkiona majina kwanza, vigezo vitakaa kumfuata mtu. Viwe vichache. Sisi tunapima uhitaji kwa alama 60 na bidii kwa alama 40. Bidii si kushika namba moja. Ni mahudhurio, ni kupanda kutoka hapo alipokuwa, ni mwalimu kusema huyu anajituma. Mkichukua wa kwanza darasani kila mwaka, kuna mwaka mtamsomesha mtoto ambaye baba yake ana gari mbili.

Ushahidi wa uhitaji uwe rahisi kupatikana: barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, vyeti vya vifo kwa yatima, au uthibitisho kwamba kaya iko kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mlezi aweze kuijaza mwenyewe.

Na kwa sisi wa mlimani, hili liandikwe kwenye katiba kwa wino mzito: ndugu wa mjumbe haombi. Mtoto wa ukoo wako msomeshe kwa pesa yako, siyo ya mfuko.

Hatua ya 6: Chagueni, kisha mfike nyumbani

Shule ipendekeze majina matatu au manne kwa nafasi moja, nyinyi mchague. Kamati iwe ya watu watano: wawili wa kwenu, mwalimu wa malezi, mjumbe wa bodi ya shule, na mtu wa nje asiye na mtoto pale. Mkuu wa shule abaki nje ya kura. Ana mambo ya kutosha ya kulaumiwa.

Kisha nendeni nyumbani kwa kila mtoto, wawili wawili, mkiwa na mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Hapa kuna mtego. Ukipanda Kibosho au Marangu utafika kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye makazi, ukute nyumba ya tofali yenye vigae na madirisha ya vioo, ukataka kugeuza. Subiri. Mara nyingi hiyo ni ya baba mdogo aliyeko Dar es Salaam, imefungwa tangu Krismasi iliyopita, na bibi analala na wajukuu kwenye jiko la nyuma. Longido kinyume chake: unaona ng'ombe bomani unadhani hali ni nzuri, kumbe ukame umeshachukua wengi, na waliobaki hawana bei au si wa mama huyo kuuza.

Kwa hiyo macho hayatoshi, uliza. Ila usiulize "mnapata shilingi ngapi kwa mwezi?" Hakuna anayejua, na mgeni hajibiwi swali hilo. Baada ya "shikamoo bibi" na habari za migomba, uliza vitu vilivyotokea: "Muhula uliopita nauli alilipa nani?" "Hii sare mliipata wapi?" "Juzi alipougua mlifanyaje?" Bibi akikwambia sare ilitoka soko la Memorial, mtumba, na sketi alipewa na dada wa jirani aliyemaliza, umeelewa kuliko fomu nzima.

Usiahidi kitu siku hiyo. Hata ukibanwa. Sema tu, "Tumekuja kusalimia na kufahamiana, majibu yatatoka shuleni."

Walioachwa nao wapewe jibu. Barua fupi kupitia shule inatosha.

Hatua ya 7: Makubaliano ya ukurasa mmoja

Yaandikwe: mnalipa nini, hamlipi nini, mpaka lini, na mtoto anatakiwa kufanya nini. Mlezi asaini, shule isaini, nyinyi msaini. Mtoto aliye chini ya miaka 18 mlezi ndiye anayesaini, ila yeye asomewe na aelewe.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, msiandike kwamba akishuka daraja anafukuzwa papo hapo. Andikeni kwamba akishuka mnakaa na mwalimu kujua sababu, na muhula mmoja wa kujirekebisha. La pili, msiandike kwamba msichana akipata ujauzito amepoteza ufadhili. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi shule. Mfuko wenu usiwe mkali kuliko serikali. Andikeni kwamba nafasi yake inamsubiri.

Kuhusu picha: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtoto si za kurushwa ovyo. Mimi nasema zaidi ya sheria: acheni kabisa picha ya mtoto ameshika hundi ya boksi katikati ya watu wazima wenye suti. Atakaa na hao wenzake bwenini miaka miwili wakimwita jina la hiyo hundi.

Hatua ya 8: Lipeni kwa wakati, na si mkononi

Pesa ya shule iende akaunti ya shule au kwa namba ya malipo ya serikali watakayowapa, risiti itoke. Vifaa nunueni wenyewe pamoja na mlezi, au lipeni duka moja mliloelewana nalo. Pesa ya nauli na sabuni ipitie kwa mlezi, naye asaini kwenye daftari.

Kalenda yetu ni fupi: siku thelathini kabla ya muhula, vifaa vimekamilika. Siku saba kabla, nauli imefika. Pesa inayofika wiki ya tatu ya muhula imemkuta mtoto bado yuko nyumbani.

Kila malipo yakifanyika, weka picha ya risiti kwenye grupu siku hiyo hiyo, jina la mtoto limefichwa. Usisubiri mjumbe aandike, "Mhazini, risiti iko wapi?" Akishauliza, umeshachelewa kumjibu.

Hatua ya 9: Fuatilieni kupitia mwalimu

Ripoti ya muhula inatosha, pamoja na ziara moja au mbili kwa mwaka. Kwa kidato cha pili, cha nne na cha sita, mkiwa na namba ya mtihani matokeo mtayaona wenyewe Baraza la Mitihani likiyatoa.

Tahadhari kubwa kuliko zote: hakuna mfadhili kukutana na mwanafunzi peke yake, kumpigia simu ya siri, kumpa zawadi binafsi wala kumkaribisha nyumbani kwake likizo. Mawasiliano yote yanapita kwa mwalimu wa malezi au mlezi. Asiyelikubali hili mrudishieni mchango wake, hata kama ndiye anayechanga zaidi.

Hatua ya 10: Pangeni atakapoelekea akimaliza

Kidato cha nne na cha sita si ukuta. Mwaka wa mwisho, mkae naye na mwalimu mzungumzie njia zilizopo. Asiyepata nafasi ya kidato cha tano ana chuo cha ufundi stadi cha VETA Moshi, ana Chuo cha Ufundi Arusha, ana chuo cha VETA cha hoteli na utalii pale Njiro. Ukizingatia watalii wanaopita hapa, hiyo ya mwisho si njia ya walioshindwa.

Kwa anayekwenda chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo, na hapo kundi lenu lina kazi mbili za karatasi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, maana majina yasiyofanana kati ya cheti hicho na cha kidato cha nne huchelewesha wengi. Na mwandikieni barua ya kuthibitisha kwamba mlimfadhili sekondari, kwa sababu mwombaji aliyesomeshwa na mfadhili hutakiwa kuonyesha hivyo. Bila barua hiyo, mtoto wa bibi wa jikoni anaweza kuonekana ametoka familia yenye uwezo kwa sababu tu alisoma shule ya kulipia.

Ukikwama

*Michango imekata.* Usiwafiche. Andika kwenye grupu kilichopo, kinachohitajika, na tarehe. Wapigie mmoja mmoja wale watatu wenye uwezo, usiwaombe hadharani. Kama mlifuata kanuni ya hatua ya 2, mtoto aliyepo hataguswa. Kinachosimama ni kumchukua mwingine.

*Mkuu wa shule amehamishwa na mpya hajui chochote.* Mpelekee nakala ya barua ya kwanza, makubaliano na risiti, na mtaje kwamba Afisa Elimu anayo nakala. Kikao kimoja kinatosha.

*Shule haitoi risiti.* Omba kwa maandishi mara moja. Isipotoka, hamisha malipo yote kwenye vifaa mnavyonunua wenyewe, na umjulishe Afisa Elimu bila kugombana na mtu.

*Godoro limeuzwa nyumbani.* Hutokea. Kabla hujakasirika uliza limeuzwa kwa ajili ya nini. Kama kuna mgonjwa, tumieni ile akiba ya dharura. Kama ni pombe, vifaa vya muhula ujao vikabidhiwe shuleni kwa matroni, visipite nyumbani.

*Mtoto amehamia shule nyingine.* Ufadhili unamfuata mtoto, kama katiba yenu haikusema vingine. Hakikisheni tu uhamisho umepita halmashauri, kisha mwandikie mkuu mpya barua ileile ya hatua ya 3.

*Mjumbe anataka mtoto wa dada yake aingizwe.* Msomee katiba. Akisema anajitoa, mwambie asante kwa aliyochanga mpaka leo, na mtumie taarifa yake ya michango.

*Wafadhili wako nje ya nchi na wanataka kutuma kwa fedha za kigeni.* Watume kwenye akaunti ya kikundi, wakiandika kwenye maelezo ya muamala ni kwa ajili ya nini. Hesabu zote zifanyike kwa shilingi kwa kiwango cha siku pesa ilipoingia, na kiwango hicho kiandikwe pembeni mwa mstari wa muamala kwenye kaunta buku.